Kunoa wembe wa kukunja wa zamani: usikimbie jiwe la kwanza

Wembe wangu wa kwanza niliununua Kibuye, soko la hapa Kisumu, siku ya Jumapili, ile siku soko hujaa mpaka barabarani. Ulikuwa umelala kwa gunia katikati ya spana, bawaba na kufuli zisizo na funguo, mwenye kuuza alikuwa anautumia kukata kamba za nailoni. Mia tatu. Nikaona nimeokota. Nikaupeleka moja kwa moja kwa jamaa wa kunoa visu na baiskeli, wale wa kukanyaga pedali jiwe linazunguka, akaupiga cheche dakika mbili hivi akanirudishia, ncha imegeuka samawati kama oili ya gari ikimwagika kwa dimbwi la maji. Yeye sina neno naye, ananoa panga na visu vya bucha na hiyo kazi anaiweza, mjinga nilikuwa mimi. Chuma ikifika hiyo rangi ujue imepita joto la kama nyuzi 300, ule ugumu uliowekwa kiwandani umekwisha hapo, na makali hayatakaa tena hata unoe mwaka mzima. Sasa huo natumia kufungulia maboksi.

Kwa hivyo kabla ya yote: wembe haugusi jiwe la kuzunguka, wala grainda, hata kwa sekunde moja.

Ninaoongelea hapa ni ule wa vinyozi wa zamani, unafunguka kutoka kwa mpini kama kisu cha kukunja, si hizi za sasa ambazo kinyozi anavunja wembe wa duka nusu anauchomeka ndani. Nyingi za zamani utakazokutana nazo zilitengenezwa Sheffield kule Uingereza ama Solingen Ujerumani, angalia kwa shingo karibu na mpini utaona pamegongwa. Na kama unapenda kujua umri, Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka wa 1890 ikataka bidhaa za nje ziandikwe zimetoka nchi gani, ndio maana wembe wa Sheffield usio na neno "England" mara nyingi huwa ni wa kabla ya hapo. Wangu wa pili ni wa Solingen, nilipewa na shangazi yangu wa Bungoma, fundi wa nguo, alikuwa anafumulia nao mishono. Ulikuwa butu kama kijiko lakini haukuwa na kutu hata chembe, juu miaka yote ulikaa kwa droo ya cherehani ukipakwa yale mafuta. Huo ndio nilijifunza nao.

Ukishika wembe uutazame kutoka kwa kichwa, ile ncha ya mbele, utaona umekaa kama kabari, mgongo mnene, makali membamba, na mara nyingi ubavu umechimbwa ndani kila upande. Ukiulaza kwa jiwe bapa, mgongo na makali vinagusa pamoja. Hapo ndipo wembe unashinda kisu kwa urahisi, kisu lazima ukisie pembe na mkono wako, wembe pembe yake imeshapimwa na unene wa mgongo, kama digrii 16 ama 17 ukijumlisha pande zote mbili. Kazi yako ni kuulaza na kuuacha umelala. Ukiinua mgongo hata kidogo umeharibu, utakuwa umeviringisha makali na itabidi urudi nyuma.

Sasa kabla hujatumia pesa kwa mawe, hakikisha wembe wenyewe unanoleka. Kutu ya juu juu si shida, inatoka. Shida ni ile imekula mashimo karibu na makali, juu ukinoa utakuwa unafukua mashimo mapya kila siku. Ufa pia, hata mwembamba kama unywele, tupa ama weka kwa rafu kama pambo. Gongesha ubavu polepole na ukucha usikilize, wembe mzima unalia kidogo kama kijiko kwa glasi, wenye ufa mara nyingi unatoa sauti iliyokufa, lakini usitegemee sikio peke yake, mulika na tochi pia. Alafu uulaze kwa kioo cha dirisha uone kama unayumba, ukiyumba umepinda, na wembe uliopinda si wa kujifunzia, muachie mwenye ameshazoea.

Kutoa kutu: funga makali na tepu kwanza, chukua msasa wa maji, ule mweusi wa mafundi wa kupaka magari rangi, namba 1000 kwenda juu, tia mafuta ya cherehani, sugua kutoka mgongoni kuelekea kwa makali. Usisugue ukienda na urefu wa makali, vidole vitateleza na hospitali ya rufaa pale Kisumu foleni yake unaijua. Mpini usiuloweke kwa maji, nyingi ni za pembe ya mnyama ama seluloidi, ile plastiki ya kale, pembe inajikunja na maji na seluloidi ikizeeka inatoa hewa inayokula chuma. Kama wembe wako unashika kutu kila mara ukiwa umefungwa na mpini ni ile plastiki ya kale, hapo ndipo pa kuanza kushuku.

Haya, mawe. Hapa watu wengi wananiuliza kama jiwe la hardware linaweza, lile la kijivu lenye pande mbili. Hapana. Hilo ni la panga na shoka, upande wake laini bado ni kama kupitisha wembe kwa lami. Jiwe la mtoni ambalo babu alikuwa ananolea jembe pia hapana, na kuna mtu aliniambia atajaribu na jiwe la Kisii, lile la kuchonga vinyago la Tabaka. Lile ni laini sana, unaweza kulikwaruza na ukucha, wembe ndio utalinoa jiwe.

Namba ya jiwe ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi. Unahitaji namba 1000 ya kuweka makali, kitu cha katikati kama 4000, 8000 ya kulainisha, na ukipata 12000 ya kumalizia sawa. Mawe ya bandia ya Kijapani yako ya pande mbili, 1000 na 6000 kwa moja, hayo unaagiza mtandaoni na yanatosha kuanza. Kuna pia mawe ya asili, ya Ubelgiji yanaitwa coticule, yanachimbwa Ardennes na ndani yana vijichembe vya garneti, madini magumu, ndio vinakata, mazuri kweli, lakini bei yake utaamua mwenyewe kati ya jiwe na karo ya shule.

Na usichanganye namba ya jiwe na namba ya msasa. Vipimo ni tofauti. Msasa wa P2000 una chembe za kama mikroni 10 (mikroni ni milimita ukiigawa mara elfu), jiwe la Kijapani la 1000 ni kama 15, na 8000 ni kati ya 1 na 3 kutegemea kampuni. Yaani msasa laini kabisa wa fundi wa magari bado uko mtaa mmoja na jiwe lako la kwanza. Wengine wanabandika msasa kwa kioo na maji wanautumia badala ya jiwe, inawezekana ukibanwa kabisa, lakini karatasi huvimba kidogo mbele ya makali na kuyaviringisha, mimi nilijaribu mara mbili nikaacha.

Kile msasa unafanya vizuri ni kunyoosha jiwe. Jiwe jipya si lazima liwe bapa na jiwe lililotumika lazima limeshaingia bonde katikati. Chora mistari ya penseli juu ya jiwe, kama neti ya goli, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, mwaga maji, sugua jiwe mpaka penseli yote iishe. Ikiisha pembeni ikabaki katikati, hilo ndilo bonde, endelea. Chora tena, sugua tena. Malizia kwa kuzitoa makali zile kona za jiwe zenyewe, juu kona kali hung'oa kipande cha wembe hivi hivi. Hii kazi inachosha na watu huiruka, alafu wanalalamika wembe unanoleka kichwani tu, kisigino, yaani makali ya upande wa mpini, kimebaki butu.

Maji yawe safi. Kwetu mvua ikinyesha maji ya mfereji huja na rangi ya chai, hayo acha yatulie kwa ndoo usiku mzima utumie ya juu, punje moja ya mchanga kwa jiwe la 8000 inachora mstari utakaouona mpaka Krismasi.

Sasa jiwe la kwanza, na hapa nitakaa sana juu hapa ndipo nilipotea miezi minne.

Loweka jiwe kama ni la kulowekwa, dakika kumi, kumi na tano, mpaka mapovu yaishe. Weka juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze. Funga mgongo wa wembe na tepu nyeusi ya stima, safu moja tu, imenyooka bila mikunjo, inazuia mgongo usilike. Ukianza na tepu maliza na tepu, usitoe katikati ya safari, pembe itabadilika na utakuwa unanoa hewa. Alafu fanya kitu ambacho kitakuuma roho: pitisha makali polepole, bila nguvu, kwa ukingo wa chini wa glasi ya maji, mara moja, uyaue kabisa. Ndio ujue chochote kitakachokata baadaye umekiweka wewe, si mabaki ya mtu wa mwaka wa 1920.

Laza wembe, mgongo na makali vyote chini. Shika shingo na kidole gumba na cha shahada, mkono mwingine usaidie kidogo tu. Sukuma makali yakitangulia, kama unataka kumenya ngozi nyembamba ya jiwe. Na juu wembe mara nyingi ni mrefu kuliko upana wa jiwe, unaanza na kisigino juu ya jiwe na unaenda ukivuta kwa pembeni mpaka unamaliza na kichwa, ndio sehemu zote zipate zamu. Ukifika mwisho usiinue, geuza kwa kupindua juu ya mgongo, rudi na upande wa pili. Mwanzoni utakuwa kama mtoto anajifunza baiskeli, nenda polepole, kasi itakuja yenyewe.

Shinikizo: uzito wa wembe na wa kidole chako kilicholala. Kwa jiwe hili la 1000 tu unaweza kuongeza kidogo pale mwanzo kama kazi ni kubwa, lakini kidogo, wembe uliochimbwa ubavu ni mwembamba mpaka ukibonyeza unajikunja, makali yanainuka kutoka kwa jiwe na unabaki unasugua katikati ya mteremko.

Ule mteremko mdogo, mstari unaong'aa pembeni mwa makali, uite beveli. Kazi ya jiwe la 1000 ni moja tu, beveli ya kulia na ya kushoto zikutane kwa mstari mmoja kutoka kisigino mpaka kichwa. Basi. Ukali wote unazaliwa hapo, mawe yanayofuata yanalainisha tu. Mimi sikuelewa hivyo. Nilipiga viboko hamsini, yaani kupitisha wembe mara hamsini, kwa 1000, nikaona wembe unakata karatasi, nikaruka 8000, nikakaa huko wiki nzima nikisugua, nikanyoa, ukanitoa machozi. Nikadhani jiwe ni feki. Nikakopa pesa nikaagiza la 12000. Machozi yale yale.

Mwenye kunitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa saa hapa mjini, nilimpelekea wembe aniangalilie na ile lenzi yake ya kubandika jichoni. Akauzungusha kwa taa, akanyamaza, akanirudishia pamoja na lenzi. "Wuoda, mwanangu, angalia mwenyewe. Hapa hakuna makali, hapa kuna paa la nyumba ambayo mabati hayajafika kwa kilele." Nikaangalia. Kweli, juu kabisa kulikuwa na kamstari kanang'aa, yaani pande mbili hazijakutana, kati yao kuna uwanja, na mimi nilikuwa napiga uwanja polishi. Nikamwambia asante jaduong', yaani mzee, nikarudi nyumbani nikaanza upya kwa 1000. Haikuchukua hamsini. Ilichukua karibu mia tatu kila upande.

Kwa hivyo usihesabu viboko, pima. Paka beveli rangi na maka peni, piga viboko vitano, angalia. Rangi ikibaki karibu na makali bado hujafika, ikibaki karibu na mgongo wa beveli unainua mgongo. Alafu simama chini ya taa moja kali, elekeza makali juu, tazama moja kwa moja ukiyayumbisha polepole: makali yaliyokutana hayaonekani, ni giza tupu, popote unapoona nukta inang'aa ni mahali pamebaki. Mwisho jaribu nywele za mkono, wembe ukitoka kwa 1000 unapaswa kunyoa zile nywele karibu kabisa na ngozi, pande zote mbili, kisigino, katikati na kichwa, bila kulazimisha. Kama katikati unanyoa na kichwa haunyoi, rudi. Hakuna jiwe la mbele litakalokusaidia na hicho kichwa.

Ukishapita hapo mambo mengine ni mepesi, ukweli ni kwamba sina mengi ya kusema. Osha wembe, osha mikono, chembe za 1000 zisifuate kwa jiwe laini. Kwa 4000 piga kama 40 hivi kwenda na kurudi, unataka ile mikwaruzo ya kwanza ifutike yote, kwa lenzi utaona. Kwa 8000 kama hizo, mkono umepunguza, hapa wembe ukianza kunata kwa jiwe kama umewekewa gundi usishtuke, sehemu mbili laini na maji hushikana hivyo. Ukiwa na 12000, 20 ama 30 nyepesi kabisa, maji masafi tu, unauacha wembe uteleze kwa uzito wake. Nguvu huku mwisho inavunja kile umejenga. Tepu ikichakaa njiani badilisha, lakini safu iwe ile ile moja.

Kisha ngozi, ile ya kupitishia wembe baada ya mawe. Wengine wanadhani ngozi ni mapambo ya sinema, lakini bila hiyo wembe uliotoka kwa jiwe unakwaruza uso. Mimi nilimwambia fundi wa viatu anikatie kipande kirefu cha ngozi ya ng'ombe, upana wa vidole vinne, laini upande wa juu, bila mshono, nikakifunga kwa msumari wa mlango. Nyuma nikashonea kipande cha turubai la pamba. Mshipi wa zamani wa suruali unafaa kama ni ngozi kweli na si ile ya kubanduka. Hapa mwelekeo ni kinyume cha jiwe: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukijisahau umekata ngozi, na ngozi ikikatika nayo inakurudishia kwa makali. Vuta ngozi ikazike, ikilegea inaviringisha. Pindua juu ya mgongo, kamwe usipindue juu ya makali. 25 kwa turubai, 60 kwa ngozi, kwenda na kurudi ni moja. Kuna dawa ya kijani ya krome oksaidi ambayo watu hupaka kwa kitambaa, inasaidia kidogo, lakini zile za kung'arishia vyuma huwa zimechanganywa na punje kubwa, kuwa mwangalifu.

Kunyoa sasa. Uso uoshwe na maji moto, sabuni iwe na povu nene, wembe umelala kama digrii 30, na mkono mwingine unavuta ngozi ya uso ikaze. Anza na shavu, kidevu na mdomo wa juu waachie kinyozi wiki mbili za kwanza, huko ndiko damu iko. Fuata nywele zinavyolala, usipande kinyume, hasa sisi wenye nywele za kujikunja, ukinyoa kinyume ukakata chini sana unywele unarudi kuota ndani ya ngozi na shingo inajaa vipele. Wembe mzuri huusikii ukivuta, unasikia kama kuna mtu anapangusa povu. Ukivuta kila mahali beveli haikukutana, rudi 1000. Ukinyoa lakini uso unawaka moto, beveli iko sawa, ongeza viboko vya jiwe la mwisho na ngozi. Ukivuta mahali pamoja tu, angalia makali hapo na lenzi, yana kidonda.

Usishare wembe na mtu, hata ndugu yako, magonjwa ya damu hayajui undugu. Na kwa nyumba yenye watoto uweke juu kabisa, si kwa beseni la bafu.

Ukimaliza kunyoa suuza, pangusa kutoka mgongoni kwenda kwa makali, piga ngozi mara kumi kuukausha, acha wazi kidogo kabla hujaufunga. Hapa Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu, asubuhi unaweka wembe mkavu jioni una vidoa vya kahawia, kwa hivyo kama hutautumia kesho pitisha tone la mafuta ya cherehani. Kila asubuhi ngozi kwanza, ndio unyoe. Baada ya miezi kadhaa utasikia umeanza kuvuta kidogo, na hapo watu hurudi 1000 kwa mazoea. Usirudi. Tepu safu moja, jiwe la mwisho, viboko ishirini, ngozi, basi. Wangu wa shangazi haujaona 1000 tangu ile siku ya fundi wa saa, na lenzi yake bado sijamrudishia, nitampitishia Ijumaa.